Mvumo wa Amplifaya ya Valvu Hauponi kwa Kapasita Kubwa

Amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti, kama za redio kuukuu) uliyoiunga mwenyewe ina tabia yake: ukiiwasha bila kuitilia muziki wowote, spika inavuma. Wakati mwengine mvumo ni mdogo, unafunikwa na feni. Wakati mwengine unasikika mpaka barazani. Jambo la kwanza analofanya karibu kila mtu ni kwenda madukani mjini Unguja, Mlandege au Darajani, kutafuta kapasita kubwa kuliko ile aliyoitia mwanzo. Ilikuwa maikrofaradi 47, sasa anatia 220. Mvumo unapungua kidogo, au haupungui hata chembe, na pengine unageuka kuwa mkwaruzo mkali unaokera zaidi ya mvumo wenyewe. Makala haya yanaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na namna ya kuupanga uchujaji wa umeme kwa hesabu badala ya kubahatisha.

Kwanza tahadhari, na hii haina mjadala. Ndani ya kasha hili mna volti 300 na zaidi za umeme mnyoofu, na kapasita zinaendelea kuushika umeme huo hata plagi ikiwa imeshachomolewa. Kapasita zenye jumla ya maikrofaradi 350 zilizojaa volti 350 zina nguvu ya jouli 21. Hiyo inaua. Funga rezista ya omu 220,000 ya wati 2 moja kwa moja baina ya ncha mbili za kapasita ya kwanza ili itoe chaji, na ujue kwamba hata ikiwapo, kushuka chini ya volti 35 kunachukua karibu dakika tatu. Kwa hiyo unasubiri, unapima kwa mita, ndipo unapotia mkono. Na kama chasisi uliyoipata ni ya redio kuukuu yenye valvu za herufi U, kama UL84 au UY85, iache: redio hizo hazina transfoma ya kutenganisha, na chasisi yenyewe huweza kuwa imeungwa na umeme wa ukutani.

Umeme unaoingia majumbani mwetu, Unguja kwa nyaya zilizopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na Pemba kwa waya unaotoka upande wa Tanga tangu 2010, ni wa volti 230 unaokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Dayodi, au valvu ya rektifaya kama EZ81, inaugeuza upande mmoja wa wimbi ili pande zote mbili ziende njia moja. Kinachotoka hapo si umeme mnyoofu bado. Ni vilima 100 kwa sekunde, kila kimoja kikipanda hadi kilele na kushuka hadi sifuri. Kapasita ya kwanza inafanya kazi ya tangi la juu ya paa: maji ya bomba yanatoka kwa muda mfupi, tangi linajaa, halafu nyumba inatumia ya tangini mpaka zamu nyengine. Usawa wa maji unapanda na kushuka. Kupanda na kushuka huko kwa volteji ndiko viwimbi, na spika inavitoa kama mvumo wa Hz 100.

Ukubwa wa viwimbi unapatikana kwa hesabu nyepesi: chukua mkondo unaotumiwa na amplifaya kwa ampea, ugawe kwa 100, kisha ugawe kwa ukubwa wa kapasita kwa faradi. Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Amplifaya ya upande mmoja yenye valvu moja ya EL84 kwa nguvu na moja ya ECC83 kwa kukuza ishara. EL84 nimeichagua kwa sababu ilitiwa kwenye redio nyingi za Ulaya za miaka ya 1950 na 1960, na redio hizo bado zimo majumbani, Mji Mkongwe na Ng'ambo, zimepangwa juu ya makabati kama mapambo. Ikipewa volti 250, EL84 inanywa miliampea 48 kwenye anodi (bamba linaloilisha spika kupitia transfoma) na 5.5 kwenye gridi ya pili (mmoja wa nyavu zilizomo ndani ya valvu). Ongeza mbili za ECC83 na kidogo cha rezista ya kutoa chaji, tufanye jumla 60. Kwa kapasita ya maikrofaradi 47 tunapata viwimbi vya karibu volti 13, kutoka kileleni hadi bondeni.

Hapa pana jambo linalowapita wengi wanaojenga kwa kufuata michoro ya Marekani. Umeme wa kule ni Hz 60, kwa hiyo vilima vyao ni 120 kwa sekunde. Kapasita ile ile, kwetu, inangoja muda mrefu zaidi kabla ya kujazwa tena, na viwimbi vinakuwa vikubwa kwa asilimia 20. Kama mchoro una choki (koili ya waya iliyosukwa juu ya chuma) baada ya hapo, hasara inaongezeka, maana choki na kapasita inayoifuata zote mbili zinadhoofika masafa yakishuka. Ukijumlisha, mvumo wako unakuwa zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa aliyeuchora, na hujakosea hata waya mmoja. Transfoma iliyosukwa kwa Hz 60 tu nayo, ukiifunga huku, chuma chake kinaweza kushiba sumaku na ikachemka.

Basi kwa nini tusitie tu maikrofaradi 220 pale mwanzo tukamaliza? Kwa sababu mbili, na ya pili ndiyo kubwa.

Ya kwanza ni kwamba tangi kubwa halipunguzi kiasi cha umeme kinachotumika, linapunguza muda wa kulijaza. Volteji ya kapasita ikiwa haishuki sana, dayodi inapitisha umeme pale tu kilima kinapokaribia kilele, kwa kitambo kifupi mno, na katika kitambo hicho lazima ipite chaji yote ya mzunguko mzima. Mkondo wa wastani ni miliampea 60, lakini pigo lenyewe linafika mara tano au zaidi ya hapo. Transfoma inapata moto, na kila waya unaopitiwa na mapigo hayo unageuka chanzo cha kelele. Rektifaya ya valvu ndiyo isiyovumilia kabisa: EZ80 na EZ81 zimewekewa kikomo cha maikrofaradi 50 kwa kapasita ya kwanza, na GZ34 maikrofaradi 60. Ukizidisha, siku utakayoiwasha utaona cheche ndani ya kioo. Ukiamua kuitoa EZ81 na kutia dayodi za 1N4007 mahali pake, kikomo hicho hakipo tena, lakini volteji itapanda kwa makumi ya volti na EL84 itafanyishwa kazi kupita kiasi, kwa hiyo transfoma nayo inataka kubadilishwa.

Sababu ya pili ni kwamba kapasita ya kwanza haijui nani anakunywa nini. Valvu ina sehemu zisizojali viwimbi na sehemu zinazovikuza, na kuzilisha zote kutoka pahala pamoja ni kutupa pesa.

Itazame EL84 kwa karibu. Anodi yake inalishwa kupitia transfoma ya spika. Ukinzani wa ndani wa valvu, kwa takwimu za mtengenezaji, ni omu 38,000, na transfoma ya spika inaonekana kwake kama omu 5,200. Viwimbi vinavyokuja kwa njia ya anodi vinagawana baina ya hivyo viwili, na fungu kubwa linabaki kwenye valvu. Transfoma inapata asilimia 12 tu. Gridi ya pili ni habari nyengine. Kila volti inayotikisika pale, valvu inaichukulia kama imetikiswa kwenye gridi ya kwanza, ile inayopokea muziki, kwa sehemu moja ya 19, kisha inaikuza kama inavyokuza muziki: miliampea 11.3 kwa kila volti. Fanya hesabu na utaona volti moja ya viwimbi kwenye gridi ya pili inazaa karibu volti 2.7 kwenye transfoma ya spika, wakati volti hiyo hiyo kwenye njia ya anodi inazaa 0.12. Tofauti ni zaidi ya mara 20.

Sasa linganisha mipango mitatu, tukichukulia spika ya omu 8, ambayo transfoma inaipunguzia volteji karibu mara 25. Mpango wa kwanza: anodi na gridi ya pili zote zimefungwa kwenye kapasita ya kwanza ya maikrofaradi 47. Spika inapata mvumo wa volti 1.4, kutoka kileleni hadi bondeni. Huo ni mvumo wa kumfukuza mgeni. Mpango wa pili: unaitoa 47 na kutia 220, mengine yanabaki vile vile. Mvumo unashuka hadi volti 0.3. Mpango wa tatu: 47 inabaki pale pale, lakini gridi ya pili unailisha kwa rezista ya omu 1,000 na kapasita yake mwenyewe ya maikrofaradi 47. Mvumo unashuka hadi volti 0.1. Rezista moja ya bei ya pipi na kapasita moja ndogo zimeishinda kapasita kubwa mara tatu, na rektifaya yako ya valvu haijaumia. Kwa mimi hapa ndipo penye somo zima la uchujaji, na ningemshauri mtu asinunue hata skrubu kabla hajalielewa.

Kwa wanaojenga amplifaya ya valvu mbili za nguvu zinazopokezana, mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu viwimbi vya anodi vinaingia pande mbili za transfoma ya spika vikiwa sawa na kufutana. Kwa wanaotumia valvu za triodi, zenye gridi moja tu, kama 300B ni kinyume chake: ukinzani wa ndani ni mdogo, omu 700 hivi, na sehemu kubwa ya viwimbi vya anodi inakwenda moja kwa moja kwenye spika. Hao hawana budi kuwa na choki.

Choki, na ile iliyotupwa

Rezista na kapasita zinachuja kwa uwiano. Kwenye Hz 100, kapasita ya maikrofaradi 100 ina ukinzani wa omu 16 kwa viwimbi. Tia rezista ya omu 220 mbele yake na viwimbi vinapungua karibu mara 14. Gharama yake ni volti 13 zinazopotea kwenye rezista kwa miliampea 60, na joto la wati 0.8, kwa hiyo tia ya wati 3 au 5.

Choki ya henri 10 yenye ukinzani wa waya wa omu 200 inapoteza volti 12, karibu sawasawa na rezista ile. Lakini kwa viwimbi vya Hz 100 inasimama kama omu 6,283. Uwiano unaruka kutoka 14 hadi karibu 400. Hakuna kifaa chengine kwenye amplifaya hii kinachokupa faida ya namna hiyo kwa hasara ile ile ya volti. Watengenezaji wa redio za miaka ya 1930 walilijua hili vizuri, na kwa kuwa spika zao zilihitaji sumaku ya umeme, waliipitisha volteji kubwa ndani ya koili ya sumaku hiyo: koili moja, kazi mbili. Ndiyo maana ukimkuta mtu aliyeitoa spika ya redio ya zama hizo na kutia ya sumaku ya kudumu, halafu analalamika kuwa redio imekufa au inavuma, hakutoa spika tu, ametoa na choki.

Tatizo ni kuipata. Choki za amplifaya za valvu haziuzwi madukani hapa, na kuiagizia kutoka nje chuma cha kilo nzima ni ghali. Lakini kila fundi umeme anaijua choki ya aina nyengine: ile ya taa ya tubu. Taa hizo zinabadilishwa kwa za LED kila siku, na choki zake zinatupwa au zinakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Choki ya tubu ya wati 36 ina henri 1.2 au 1.3 hivi, ukinzani wa omu 30 hadi 40, na chuma chake kina mwanya mdogo uliofanywa makusudi kisishibe. Sharti iwe ile nzito ya chuma yenye ncha mbili. Ile nyepesi ya elektroniki haina kazi hapa.

Henri 1.25 zinasimama kama omu 785 mbele ya viwimbi. Ukiifuatisha na kapasita ya maikrofaradi 220, viwimbi vinapungua zaidi ya mara 100, kutoka volti 13 hadi 0.12, na choki imekula volti mbili tu. Kumbuka hiyo 220 iko baada ya choki, kwa hiyo kikomo cha EZ81 hakiihusu.

Pana mtego mmoja. Choki na kapasita kwa pamoja zina masafa yao ya asili ya kuyumba, na kwa vipimo hivi ni karibu Hz 10. Umeme wa ukutani ukishtuka, volteji inayumba mara kadhaa kabla ya kutulia, na unaweza kuiona koni ya spika ikisogea mbele na nyuma bila sauti. Dawa yake ni rezista ya omu 47, wati 2, mfululizo na choki. Inapoteza karibu volti tatu na kuuzima mtikisiko. Ukitia maikrofaradi 100 badala ya 220, masafa hayo yanapanda hadi Hz 14, yanakaribia besi, kwa hiyo hapa kapasita kubwa ina kazi ya kweli.

Chuma cha choki kifunge kwenye chasisi na chasisi kwenye ethi. Ilitengenezwa kwa umeme wa ukutani, na hapa inakaa na volti 300 muda wote.

Hatua zinazobaki ni fupi. Kutoka kapasita ya 220 unalisha transfoma ya spika. Kutoka hapo hapo, omu 1,000 na maikrofaradi 47 kwa gridi ya pili. Kutoka hapo, omu 22,000 na maikrofaradi 22 kwa ECC83, inayotumia miliampea mbili tu, kwa hiyo unapoteza volti 44 na hazikuumizi. Kwa mpango huu spika inapata mvumo wa milivolti 1 hivi. Asiyekuwa na choki yoyote anaweza kuigawa rezista ya ECC83 mara mbili, kila nusu na kapasita ya nusu ya ukubwa. Kugawa huko kunalipa pale tu uwiano wa mwanzo unapozidi 16. Omu 1,000 na maikrofaradi 100 zinachuja mara 63, na ukizigawa mbili kwa mbili zinachuja karibu mara 250, kwa vifaa vile vile. Chini ya 16 unajiharibia.

Waya wa kurudi

Hesabu zote hizi zinaweza kuwa sahihi na amplifaya bado ikalia. Kijana mmoja wa Michenzani alimpelekea fundi, mzee aliyezoea redio tangu enzi za valvu, amplifaya aliyoijenga kwa ajili ya udi wake.

"Shikamoo, ami. Nimeshatia mia mbili na ishirini, nikatia na ya pili, bado inalia vile vile."

"Marahaba, mwanangu. Inavuma au inakwaruza?"

"Inakwaruza."

Mzee hakuigusa kapasita hata moja. Alifuata kwa kidole waya wa kati wa transfoma, aliokuta umefungwa kwa boliti kwenye chasisi, pembeni kabisa. Kisha akafuata ncha hasi ya kapasita ya kwanza, iliyolehemiwa kwenye chasisi upande wa pili, karibu na tundu la kuingizia ishara. Baina ya hapo na hapo palikuwa na bati la aluminiamu.

Kosa lilikuwa hilo. Mapigo yale ya kuijazia kapasita lazima yarudi kwenye transfoma, na yalikuwa yakirudi kwa kupita ndani ya chasisi, chini ya miguu ya ECC83. Tuseme boliti na bati vina ukinzani wa omu 0.01, kiasi ambacho mita ya kawaida haikioni. Pigo la nusu ampea linazaa pale milivolti 5. Amplifaya inayojaa sauti kwa ishara ya milivolti 300 itazikuza hizo 5 kama vile ni sehemu ya muziki. Na kadiri kijana alivyoikuza kapasita, mapigo yalizidi kuwa makali.

Waya wa kati wa transfoma unakwenda kwenye ncha hasi ya kapasita ya kwanza, moja kwa moja, peke yake, mfupi, wala hauguswi na kingine. Kutoka ncha hiyo hiyo unatoka waya mmoja kwenda ncha hasi ya kapasita ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne, na kila valvu inarudisha umeme wake kwenye kapasita inayoilisha. Chasisi inaungwa na mnyororo huo mahali pamoja tu, karibu na tundu la ishara. Waya wa ethi wa plagi unafungwa kwenye chasisi kwa boliti yake pekee na haung'olewi kwa hoja ya kupunguza mvumo. Hilo la kuung'oa ethi nimelisikia likishauriwa na watu wazima wenye akili zao, na sijui wanamwachia nani mjane.

Sikio linakusaidia kujua pa kutazama. Mvumo laini wa Hz 100 ni viwimbi, yaani uchujaji haujatosha. Mkwaruzo ni mapigo, yaani njia ya waya wa kurudi. Mvumo mzito zaidi, wa Hz 50, hautoki kwenye kapasita asilani. Unatoka kwenye nyaya za hita (zinazoipasha valvu moto) za volti 6.3 zisizosokotwa, au transfoma kubwa imekaa karibu mno na transfoma ya spika. Kama sikio halitofautishi, programu ya simu inayoonyesha masafa ya sauti itakuonyesha mstari uko wapi, ingawa maikrofoni za simu haziisikii vizuri Hz 50. Baada ya hapo zima, subiri, chomoa ECC83, washa tena. Mvumo ukibaki, unaingilia EL84 au transfoma. Ukiondoka, rudi kwenye hatua ya mwisho ya uchujaji na nyaya za ishara.

Volteji za kapasita, na hali ya hewa yetu

Transfoma yenye volti 250 kila upande inatoa kilele cha volti 353. Kapasita ya volti 350 imeshashindwa kabla hatujaanza. Ongeza asilimia 10 kwa siku umeme wa ukutani ukifika 253, ongeza asilimia 10 nyengine kwa sababu transfoma isiyobeba mzigo inapanda, na ukitumia dayodi badala ya valvu kapasita inakutana na karibu volti 430 kwa sekunde zote ambazo EL84 haijapata moto. Tia za volti 450. EZ81 ina adabu zaidi, inapata moto taratibu na kupandisha volteji polepole, na kwa hilo tu naipenda kuliko 1N4007. Dayodi kwenye transfoma ya namna hii zinavumilia mara mbili ya kilele, yaani zaidi ya volti 850 siku mbaya, kwa hivyo tia mbili mfululizo kila upande.

Kapasita za elektroliti zinauawa na joto. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 unazopunguza zinaongeza umri mara mbili, basi chagua zilizoandikwa 105 na uziweke mbali na EL84 na rektifaya, zisiwe ubavuni mwao kwa ajili ya kupendeza. Zilizotoka kwenye redio kuukuu usizifunge moja kwa moja hata zikionekana nzima. Na kwa anayeishi karibu na pwani, vumbi lenye chumvi likikaa kwenye ubao baina ya ncha mbili za volti 300 linapitisha umeme kidogo kidogo, na sauti yake ni mchirizo unaokuja na kuondoka kufuatana na unyevu wa hewa. Watu wanabadilisha valvu kwa tatizo la kusafishwa kwa spiriti na brashi.

Mwisho ni vifaa vinavyokaa kabla ya plagi. Stebilaiza za rilei, zile zinazolia "tak" umeme ukipanda au ukishuka, zinabadilisha volteji kwa hatua, na kila hatua inaishtua choki na kapasita, kwa hiyo rezista ile ya omu 47 haina mbadala kwa mwenye stebilaiza. Inveta za sola za bei nafuu ni tatizo zaidi, kwa sababu wimbi lao ni la ngazi, si la mviringo. Kapasita ya kwanza inajaa kwa kilele cha wimbi na si kwa wastani wake, na kilele cha ngazi si lazima kiwe 325 kama cha umeme wa waya, hivyo hita zinaweza kuwa sawa huku volteji kubwa imepotoka. Kingo za ngazi nazo zinapenya transfoma na kuwa mkwaruzo ambao hakuna choki ya tubu itakayoumaliza. Kwa aliyeko shamba, anayetegemea sola, inafaa inveta ya wimbi safi, na kabla ya kuchomeka EL84 kwa mara ya kwanza apime volteji ya kapasita ya kwanza bila valvu hiyo, dakika chache, akiiangalia mita na si sehemu nyengine.